Boksi Lisilo na Picha ya Ubongo: Tathmini ya Bidhaa za Kutunza Kumbukumbu Uzeeni

Bidhaa ya ubongo huitambui kwa viambato vyake, unaitambua kwa boksi. Litakuwa na mchoro wa ubongo unaotoa miale, neno "kumbukumbu" kwa herufi kubwa, na chini kabisa, kwa herufi ambazo mzee mwenyewe hazisomi bila miwani, maelezo kwamba bidhaa haikukusudiwa kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Hapa tunapitia makundi manne ya vitu ambavyo mtu aliyevuka miaka 50 hushawishiwa kununua, au alipaswa kushawishiwa: vidonge vya kumbukumbu, michezo ya ubongo ya kwenye skrini, vifaa vya kusikia, na mashine ya kupimia presha nyumbani. Hukumu tunaitoa mapema. Viwili vya mwisho vinavipita viwili vya kwanza kwa mbali, na hakuna kati yake chenye picha ya ubongo kwenye boksi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ingawa katika duka la dawa mambo yamegeuka: kizuri kimewekwa rafu ya chini, kimekaa kimya.

Kipimo tulichotumia ni kigumu makusudi. Hatukuuliza kama kiambato fulani kinafanya jambo la kupendeza ndani ya panya au ndani ya chupa ya maabara. Tuliuliza: je, kimejaribiwa kwa wazee, kwa miezi mingi au miaka, huku nusu yao wakipewa kitu kingine cha kulinganishia? Na kilichopimwa ni nini, alama za mchezo au uwezo wa mtu kuendelea kushika hesabu, dawa na safari zake? Bidhaa nyingi huanguka kwenye swali la kwanza. Chache zinazovuka huanguka kwenye la pili.

Vidonge: rafu ndefu, ushahidi mfupi

Tuanze na ginkgo, dondoo ya majani ya mti wa jina hilo, kwa kuwa ndiyo yenye jina kubwa, na bahati nzuri imepimwa vilivyo. Jaribio la Marekani liitwalo GEM, lililochapishwa mwaka 2008, lilihusisha watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi. Walimeza miligramu 120 mara mbili kwa siku, au kidonge kisicho na dawa, na wakafuatiliwa kwa takriban miaka 6. Demensia, yaani hali ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hadi maisha ya kila siku yakwame, haikupungua. Kipimo hicho ndicho kilekile kinachoandikwa kwenye chupa nyingi leo, kwa hiyo hoja ya kwamba "walitumia kidogo" haina mguu wa kusimamia. Kibaya zaidi, ginkgo inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia wafarini, aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, na wanaozitumia zaidi ni watu wa umri huohuo wanaolengwa na tangazo. Alama yetu: iachwe.

Prevagen, kidonge cha kumbukumbu kinachouzwa Marekani, ni mfano mwingine unaostahili kusomwa na kila mnunuzi. Kiambato chake, apoakworini, ni protini iliyogunduliwa kwanza kwa kiwavi wa baharini, yule mnyama laini kama uji anayeelea na kuwasha ngozi. Mwaka 2017 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, pamoja na Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, waliishtaki kampuni kwa madai yake kuhusu kumbukumbu. Utafiti ambao kampuni iliuegemea ulikuwa na watu 218 kwa siku 90, na ulipotazamwa kwa ujumla wake, waliomeza dawa hawakuwashinda waliomeza kidonge kitupu. Mshindi alipatikana baada ya kuwakata washiriki vipande vidogovidogo na kuchagua vipande vilivyopendeza. Ukikata data mara za kutosha, kipande kizuri hakikosekani. Isitoshe, protini ikifika tumboni humeng'enywa kama protini nyingine yoyote. Anayesema inafika kwenye ubongo ikiwa nzima ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Vidonge vya mafuta ya samaki vina heshima zaidi, na samaki mwenyewe ni chakula chema, lakini kwa wazee wasio na tatizo la kumbukumbu, kapsuli hazijaonyesha kupunguza kasi ya kudidimia. Jaribio kubwa la Marekani la VITAL, sehemu yake ya utambuzi, yaani uwezo wa kufikiri na kukumbuka, iliyotolewa mwaka 2022, halikuona faida. Kwa hiyo vidonge hivi hatuvikasirikii, wala hatuvipi fedha.

Vitamini B12 ndiyo inayotulazimisha tukae kidogo, maana hapa kuna ukweli uliofichwa ndani ya biashara. Ili mwili utoe B12 kwenye nyama, mayai au maziwa, unahitaji asidi ya tumbo. Asidi hiyo hupungua kwa wazee wengi, na hupunguzwa zaidi na dawa za vidonda na kiungulia kama omeprazoli zikitumiwa kwa muda mrefu. Metformini, dawa inayotumiwa na wengi wenye kisukari, nayo huzuia ufyonzwaji wa B12 kadiri miaka inavyokwenda. Anayekula mimea pekee hana chanzo cha uhakika bila kuongezewa. Upungufu wake huleta ganzi ya miguu, kuyumba gizani, uchovu, na usahaulifu unaofanana kabisa na mwanzo wa demensia, isipokuwa huu unatibika ukiwahiwa. Kipimo cha damu ni rahisi. Kikionyesha upungufu, vidonge vya mikrogramu 1,000 kwa siku huwafaa wengi hata wenye asidi kidogo, kwa sababu B12 ya kidonge haijafungwa kwenye chakula na sehemu ndogo yake, kama asilimia 1, hupenya yenyewe kwenye utumbo. Wengine watahitaji sindano, na hilo ni la daktari kuamua.

Watu hukosea wapi? Hununua asidi ya foliki peke yake. Foliki inaweza kurekebisha upungufu wa damu unaotokana na kukosa B12, kipimo cha damu kikaonekana kizuri, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Kosa la pili ni kuongeza B6 kwa kudhani vitamini haina ziada. B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi ileile mtu aliyokuwa anaikimbia. Je, anayetumia B zote bila upungufu anafaidi? Jaribio la Oxford la mwaka 2010, VITACOG, lilitumia foliki miligramu 0.8, B12 miligramu 0.5 na B6 miligramu 20 kwa wazee walioanza kusahau. Kusinyaa kwa ubongo kulipungua kwa takriban asilimia 30, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye homosisteini (kemikali inayopanda vitamini B zikipungua) ya juu kwenye damu. Lilikuwa jaribio dogo, chini ya watu 200 walikamilisha picha zote za ubongo. Tunalichukulia kama sababu ya kupima, si sababu ya kununua.

Multivitamini ya kawaida, ile isiyo na majigambo, imetushangaza. Katika mfululizo wa majaribio ya COSMOS nchini Marekani, tawi moja lenye watu 2,262 lilitoa matokeo mwaka 2022: baada ya miaka 3, waliotumia multivitamini ya kila siku walipata alama bora kidogo za utambuzi kuliko waliotumia kidonge kitupu. Dondoo ya kakao iliyojaribiwa sambamba haikusaidia. Neno la kushika ni "kidogo", na hakuna aliyeonyesha kwamba demensia yenyewe ilizuiwa. Hata hivyo, ikiwa mzee hali vizuri na lazima kitu kitoke kwenye rafu ya vidonge, basi kitoke hiki, na cha bei ya chini kinatosha.

Michezo ya ubongo: mmoja kati ya kumi

Mwaka 2016 kampuni iliyotengeneza Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 ili kumaliza kesi ya FTC iliyoishutumu kwa kuwadanganya wateja kwamba michezo yake inachelewesha kudhoofika kwa akili. Tangu hapo lugha ya matangazo imepoa, lakini hila ya msingi imebaki: programu hukuonyesha mstari unaopanda. Mstari huo ni wa kweli. Unaonyesha kwamba umeuzoea mchezo huo. Mtu anayecheza kukumbuka mpangilio wa rangi kwa miezi mitatu atakuwa hodari wa mpangilio wa rangi, na bado atasahau miwani alikoiweka. Alama inayoitwa "umri wa ubongo" haina uzito wowote wa kitabibu, tunashauri ifichwe kwenye mipangilio kama programu inaruhusu.

Lakini kuna aina moja ambayo hatuwezi kuitupa na wenzake. Jaribio la ACTIVE lilianza na watu 2,832 wenye miaka 65 na zaidi, wakagawanywa makundi manne: mafunzo ya kumbukumbu, mafunzo ya kufikiri kwa mantiki, mafunzo ya kasi ya kuchakata, na kundi lisilofunzwa chochote. Vipindi vilikuwa 10 tu, vya saa moja na kidogo, ndani ya wiki tano hadi sita, na baadhi wakaongezewa vipindi vya kukumbushia baada ya miezi 11 na 35. Miaka 10 baadaye faida ya mafunzo ya kufikiri na ya kasi ilikuwa bado inaonekana kwenye vipimo vya ujuzi huohuo. Ya kumbukumbu ilikuwa imepotea. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliona visa vichache vya demensia, pungufu ya asilimia 29, kwenye kundi la kasi. Ni uchambuzi wa baadaye, si lengo la awali la jaribio, kwa hiyo tunaushika kwa mikono miwili lakini hatuukumbatii.

Zoezi lenyewe la kasi ni hili: picha inatokea katikati ya skrini kwa sehemu ya sekunde, na nyingine inatokea pembeni wakati huohuo. Unasema ya kati ilikuwa ipi na ya pembeni ilikuwa upande gani. Ukipata, muda unafupishwa, na vitu vya kukuchanganya vinaongezwa. Ukikosa, unarefushwa. Katika BrainHQ, programu ya mazoezi ya ubongo, linaitwa Double Decision, na limetokana moja kwa moja na lile la utafiti. Ukilitumia, fanya kwenye kompyuta au tableti kubwa. Kwenye simu, "pembeni" iko upana wa kidole kutoka katikati, na jicho halilazimiki kutawanya uangalifu, yaani unacheza kivuli cha zoezi. Kaa umbali uleule kila mara, vaa miwani ya kusomea, na usizidishe saa moja kwa siku. Ukianza kubahatisha kwa sababu ya uchovu, mfumo unashusha kiwango na nusu saa iliyobaki inapotea bure. Kama baada ya wiki sita umefanya vipindi kumi na kuchoka, simama. Watu wa ACTIVE hawakulipia uanachama wa maisha.

Mafumbo ya maneno na sudoku? Yafanyeni kwa raha yake.

Vifaa vya kusikia: hapa ndipo fedha iende

Mwaka 2024 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la tiba la The Lancet iliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na yanayoweza kurekebishwa, na kukadiria kwamba yakiondolewa yote, takriban asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Makadirio ni ya jamii nzima, si ahadi kwa mtu mmoja. Kupoteza usikivu na kolesteroli mbaya ndivyo vilivyobeba uzito mkubwa kuliko vyote, kila kimoja takriban asilimia 7.

Sikio linaingiaje kwenye habari za ubongo? Sauti ikifika imekatikakatika, ubongo hutumia nguvu kuziba mapengo, na nguvu hiyo inatolewa kwenye kazi ya kuelewa na kukumbuka kilichosemwa. Kisha mzee huanza kukaa pembeni ya mazungumzo, akicheka wengine wanapocheka, na mwisho haji kabisa. Upweke ni mmoja wa wale 14. Wengi wanaodaiwa "amesahau niliyomwambia jana" hawakusahau. Hawakusikia.

Ushahidi wa kifaa chenyewe uko kwenye jaribio la ACHIEVE la mwaka 2023: watu 977 wa miaka 70 hadi 84, wenye usikivu uliopungua na wasiotibiwa, nusu wakapewa vifaa na ushauri, nusu elimu ya afya, kwa miaka 3. Kwa wote kwa pamoja tofauti haikuonekana. Kwa kundi lililokuwa na hatari kubwa zaidi, wazee zaidi na wenye maradhi ya moyo na mishipa zaidi, kudidimia kwa akili kulipungua kwa asilimia 48. Anayeuza kifaa atakutajia namba ya pili tu. Sisi tunazitaja zote mbili, na bado tunakipa nafasi ya juu, kwa sababu hata kama ubongo haungefaidi, mtu amerudishiwa mazungumzo.

Sasa namna ya kununua, maana hapa ndipo vifaa vingi huishia kwenye droo. Hatua ya kwanza ni audiogramu, mchoro wa usikivu unaopima kila sikio katika masafa kadhaa, yakiwemo ya hezi 500, 1,000, 2,000 na 4,000. Uzee huanza kula masafa ya juu, ambako s, f, sh na ch hukaa. Irabu zinabaki. Ndiyo maana mzee analalamika kwamba anasikia ila haelewi: "saa" na "faa" kwake ni neno moja, "soma" na "choma" vilevile. Kukuza sauti yote sawasawa hakumsaidii, humpigia kelele tu. Hii ndiyo tofauti kati ya kifaa cha kusikia, ambacho baadhi ya watu hukiita shimesikio, na kikuza sauti cha bei rahisi kinachofanana nacho kwa umbo. Cha kwanza huongeza masafa yaliyopotea kwa kiwango yalichopotea, na kina kikomo cha kuzuia sauti kali kuumiza sikio. Cha pili huongeza kila kitu, pamoja na kijiko kinachoanguka.

Marekani iliruhusu tangu Oktoba 2022 vifaa vinavyouzwa bila agizo la daktari kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati, ambavyo mtu hujirekebishia kwa simu. Kwa anayemudu simu vizuri ni chaguo halali. Asiwe mgonjwa mwenye dalili hizi: usikivu uliopotea ghafla, upande mmoja kuwa mbaya kuliko mwingine, usaha au maumivu, kizunguzungu, au mlio wa sikio moja. Usikivu uliopotea ghafla ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa sababu dawa zake hufanya kazi zikiwahiwa.

Ukihudumiwa na mtaalamu, muulize swali moja litakalokuonyesha kama anajua kazi: je, unapima ndani ya sikio kifaa kikiwa kimevaliwa? Mrija mwembamba wenye maikrofoni huingizwa karibu na ngoma ya sikio, sauti ikachezwa, na kompyuta ikaonyesha kama kifaa kinatoa kiasi kilichokusudiwa. Bila hilo, mipangilio ni ya kukisia iliyotoka kiwandani, na matundu ya masikio hayafanani. Uliza pia muda wa kujaribu na kurudisha, na idadi ya marekebisho yaliyojumuishwa. Marekebisho mawili hadi matatu ni ya kawaida, si ishara ya kifaa kibovu. Kama masikio yote yamepungua, nunua viwili. Ubongo hutenga usemi na kelele kwa kulinganisha pande mbili.

Wiki za kwanza ni ngumu, na muuzaji mwaminifu atakuambia hivyo. Maji ya bomba yatapiga kelele, karatasi itachakacha, sauti yako itaonekana inatoka kwenye ndoo. Ubongo umesahau sauti hizo na unahitaji wiki kadhaa kuzizoea. Anza na saa chache chumbani kwa utulivu, kisha mtu mmoja, kisha meza yenye watu, halafu siku nzima. Anayekivaa Jumapili kwa Jumapili hazoei kamwe.

Kikipiga mluzi, sauti inavuja na kurudi kwenye maikrofoni: kofia ya mpira ni ndogo kwa tundu lako, haikuingizwa vizuri, au nta imejaa sikioni. Kikizima au sauti ikififia, kichujio cha nta ndicho mshukiwa wa kwanza, kibadilishe kabla ya kukirudisha dukani. Betri za zinki zinatambulika kwa rangi ya kibandiko: namba 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 buluu. Zinaamshwa na hewa, kwa hiyo ukibandua kibandiko subiri dakika moja au zaidi kabla ya kuingiza, na ukikibandika tena betri hailali. Mzee mwenye vidole vinavyotetemeka asipewe namba 10. Bora kinachochajiwa, hata kama ni kikubwa kidogo. Usiku kiwekwe mlango wa betri ukiwa wazi, au ndani ya chombo cha kukaushia, maana jasho na unyevu huua vifaa vingi kuliko kuanguka.

Mashine ya presha: kifaa bora cha ubongo tulichokipitia

Ubongo hulishwa na mishipa myembamba mno. Presha ya juu ya miaka mingi huifanya migumu, huiziba, na nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo hufa kidogokidogo bila kiharusi kinachoonekana. Mtu anakuwa mzito wa kufikiri, anashindwa kupanga mambo mawili kwa wakati mmoja, na familia inasema ni uzee. Katika SPRINT MIND, iliyochapishwa mwaka 2019, watu 9,361 walitibiwa kufikia namba ya juu ya presha chini ya 120 au chini ya 140. Kwa waliofuata lengo la 120, visa vya upungufu mdogo wa utambuzi, hali ambayo mara nyingi hutangulia demensia, vilikuwa pungufu kwa asilimia 19. Kwa demensia kamili tofauti haikufikia uhakika wa kitakwimu. Wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuwamo. Na presha ilipimwa mtu akiwa ametulia, kwa mashine ya kujiendesha, jambo ambalo watu hulisahau wanapolinganisha na namba waliyopata wakiwa wametoka kupanda ngazi.

Nunua ya mkono wa juu. Za kifundoni hutegemea mno mkono ulivyoshikwa, na saa zinazodai kupima presha kwa mwanga bado hatuzipi nafasi. Tafuta modeli iliyothibitishwa usahihi wake na chombo huru, si iliyoandikwa "sahihi" na mtengenezaji: orodha za STRIDE BP na ValidateBP ziko wazi kwa kila mtu. Kumbukumbu ya watumiaji wawili ni nzuri kama mke na mume wanatumia pamoja, vinginevyo wastani unachanganyika na hauna maana. Bluetooth ni hiari, kalamu na daftari vinatosha.

Kinachoharibu zaidi ni mkanda. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Wa kawaida hufaa takriban sentimita 22 hadi 32, mkubwa 32 hadi 42, lakini soma namba zilizochapwa kwenye mkanda wenyewe. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba: jaribio moja la Marekani la mwaka 2023 liliona namba ya juu ikipaa kwa karibu 20 kwa watu waliohitaji mkanda mkubwa kabisa wakafungwa wa kawaida. Mtu anaweza kuongezewa dawa kwa kosa la kitambaa. Mkono nao ukining'inia, namba hupanda, na ukilazwa pajani hupanda pia, ingawa si kwa kiasi hicho.

Utaratibu ni huu. Nusu saa kabla, hakuna kahawa, sigara wala mazoezi. Kojoa kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo sakafuni, miguu isipishane, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati, ukingo wake wa chini sentimita mbili au tatu juu ya kiwiko, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Tulia dakika 5 bila kuongea wala kutazama simu. Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7. Utakuwa na vipimo 28. Vya siku ya kwanza vitupe, maana mwili huwa haujazoea, kisha tafuta wastani wa 24 vilivyobaki. Miongozo ya Ulaya huhesabu 135/85 kwenda juu kuwa presha ya nyumbani iliyopanda, ya Marekani huanzia 130/80. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili, utumie wenye namba kubwa siku zote. Mikono ikitofautiana kwa zaidi ya 10 hadi 15 tena na tena, mwambie daktari.

Mashine ina mipaka yake. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huichanganya, ikitoa namba tofauti mno kila mara. Vipimo vitatu hutumika badala ya viwili, na alama ya mapigo yasiyo sawa kwenye kioo isipuuzwe. Kwa mzee anayetumia dawa za presha, pima pia akisimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi na akasikia kizunguzungu, kuna hatari ya kuanguka, na kuanguka kunaumiza kichwa kilekile tunachokilinda. Kupunguza au kuongeza dawa si kazi ya daftari, lakini daftari ndilo linalomfanya daktari aamue kwa data na si kwa kipimo kimoja cha haraka.

Bidhaa ya kutoa ndani

Kuna vitu ambavyo tathmini yake ni kwamba vitoke nyumbani. Dawa za usingizi zinazouzwa bila cheti nyingi zina difenihidramini. Dawa za mafua na mizio za kizazi cha kwanza zina klorofeniramini. Zote huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo hutumia kuhifadhi kumbukumbu, na kwa mzee huleta kuchanganyikiwa, kinywa kikavu, kufunga choo na mkojo kukwama. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kimeziweka kwenye orodha yake ya dawa za kuepukwa na wazee, orodha ya Beers. Amitriptilini ya usiku na oksibutinini ya kibofu zimo kwenye kundi hilohilo. Hizi mbili za mwisho zisikatwe ghafla bila daktari, lakini ziulizwe: bado inahitajika, na kuna mbadala? Mzigo unajumlishwa. Vidonge vitatu vyenye athari ndogo, kila kimoja kutoka kwa daktari tofauti, hufanya athari moja kubwa.

Kusanya kila kitu kwenye mfuko mmoja, vikiwemo vya mitishamba, matone ya macho na vile vilivyoazimwa kwa jirani, umpelekee mfamasia avitazame vyote kwa pamoja. Andika kwenye kila chupa kimeanza kutumiwa lini. Kama usahaulifu ulianza mwezi mmoja baada ya tarehe fulani kati ya hizo, mwonyeshe hiyo kwanza.